Moto wa Chini ya Nchi na Udongo wa Unyamwezi

Maelezo kwa wakulima wa Tabora, Urambo, Kaliua na nchi zilizo kando ya njia ya zamani ya misafara

1. Swali la wakulima

Mkulima wa Tabora aliyekwenda kuwatazama jamaa zake Moshi au Tukuyu hurudi nyumbani na swali. Huko ameona shamba dogo, pengine lisilozidi ekari moja au mbili, likilisha nyumba nzima mwaka hata mwaka, na migomba imesimama pale pale alipoipanda babu. Kwake Unyamwezi mambo ni mengine. Shamba lililofyekwa msituni hutoa mahindi mema mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu mavuno hupungua. Baada ya miaka michache mwenyewe huliacha, akachukua shoka kwenda kutafuta msitu mwingine. Ndipo huuliza: Je, watu wa milimani wanajua kilimo kuliko sisi? Au sisi tumenyimwa udongo?

Swali hili lina maana kubwa leo kuliko zamani. Wazee wetu waliweza kuhama kwa sababu watu walikuwa wachache na msitu ulikuwa mwingi. Sasa msitu wa kuhamia umekaribia kwisha mahali pengi, na mwingine ni hifadhi. Mwenye kuchosha shamba lake hana tena mahali pa kwenda. Kwa hiyo yafaa ajue udongo wake ulitoka wapi, una nini, na umekosa nini. Ili kulijua hilo hatuna budi kuanza mbali kidogo, katika habari za milima ya moto.

2. Mlima wa moto ni kitu gani

Chini ya miguu yetu kuna ganda la mawe magumu. Chini zaidi joto ni kali mno, na mahali pengine mawe huyeyuka yakawa kama uji. Uji huo una gesi ndani yake, kama pombe inayochachuka ilivyo na povu. Kadiri unavyopanda juu, uzito unaoukandamiza hupungua, gesi hutanuka, na uji husukumwa kwa nguvu mpaka nchi ipasuke. Hapo ndipo huzaliwa mlima wa moto, ambao pia huitwa volkano.

Vitu vitatu hutoka katika shimo lake. Cha kwanza ni lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ambayo hutiririka kisha hupoa yakawa mwamba. Cha pili ni majivu. Majivu haya hayafanani na ya jikoni: ni mawe yaliyosagwa kuwa unga kwa nguvu ya mlipuko, nayo huchukuliwa na upepo yakaanguka mbali. Cha tatu ni mvuke pamoja na gesi, ambazo nyingine zina sumu.

Kwa mkulima, majivu ndiyo yenye habari. Ndani yake mna chokaa, potasi, magnesi, fosfeti na chuma, vyakula ambavyo mimea huvihitaji. Lava iliyoganda huvifunga vyakula hivyo kwa miaka mingi, kwa kuwa ni mwamba mgumu na mizizi haipenyi. Majivu ni unga. Mvua na mizizi huyafungua mapema, na udongo mweusi, mwepesi, wenye kushika maji hutokea. Basi si kila nchi yenye moto hunufaika kwa namna moja. Nchi iliyofunikwa na lava husubiri. Nchi iliyonyunyiziwa majivu hula mapema zaidi.

3. Vilima vya Igwisi

Watu wengi hudhani kwamba Unyamwezi haikuona kamwe moto wa namna hiyo. Sivyo. Kama kilometa 100 magharibi ya mji wa Tabora, upande wa kaskazini wa reli iendayo Kigoma, katika nchi iliyo kati ya Urambo na Kaliua, viko vilima vitatu vidogo viitwavyo Igwisi. Mgeni akivipita huona vilima vya kawaida. Lakini hivyo ni volkano. Vilijengwa kwa majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa kutoka chini, na katika kimojawapo lava ilitoka, ikatiririka mwendo mfupi, ikaganda.

Wapimaji wa mawe waliandika habari zake katika miaka ya 1950. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza umri wake baada ya kupima punje za mawe yenyewe: ni kama miaka 12,000. Kipimo hicho huweza kupungua au kuzidi kwa maelfu kadhaa ya miaka, lakini maana yake ni wazi. Kwa hesabu ya mawe, jambo hilo ni la jana. Wawindaji wa kale walikuwa wakiishi Afrika Mashariki wakati huo, ingawa hapakuwa bado na mkulima hata mmoja katika nchi hii.

Mawe ya Igwisi ni ya jamii ya kimberliti, jina lililotokana na mji wa Kimberley huko Afrika Kusini. Kimberliti hupanda kutoka kina kirefu mno, zaidi ya kilometa 100 chini ya nchi. Katika mawe ya Igwisi mna chokaa nyingi, na mna punje za mviringo za jiwe la rangi ya kijani liitwalo olivini, ambazo zilichukuliwa kutoka huko chini. Katika dunia nzima hazijulikani volkano za kimberliti zilizo changa kuliko hizi. Zile nyingine zina umri wa mamilioni ya miaka, na vilele vyake vimekwisha liwa na mvua, ila hapa umbo la vilima lingalipo. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi za mbali huja kuvitazama vilima ambavyo sisi twapita kando yake bila kugeuza shingo.

Almasi za Mwadui katika Shinyanga, ambazo John Williamson alizigundua mwaka 1940, zimo katika mwamba wa jamii hiyo hiyo, lakini wa zamani sana. Msikilizaji asikimbilie sururu. Miamba mingi ya kimberliti haina almasi yenye faida, na shimo lililochimbwa ovyo huacha hasara mbili: siku za kilimo zilizopotea, na korongo la kuanzisha mmomonyoko.

Tena wako watu wanaoogopa kwamba moto huo utaamka. Hakuna habari yoyote iliyoandikwa ya mlipuko wa Igwisi, na vilima vidogo vya namna hii kwa kawaida huwaka kwa muda mfupi, kisha huzimika. Mkulima wa Kaliua hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Je, moto huo ulitupa udongo mwema? Ulikuwa mdogo mno. Majivu yake hayakufunika nchi kubwa, na mvua za maelfu ya miaka zimeyapitia. Mashamba ya Tabora hayakulishwa na Igwisi. Ili tuone nchi iliyolishwa yatupasa kutazama mashariki na kusini.

4. Nchi zilizopata majivu, na bei yake

Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha meta 5,895, ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Miteremko yake yote ni mawe na majivu yaliyooza yakawa udongo, na juu ya udongo huo Wachagga wameweka vihamba vyao vya migomba na kahawa. Huko Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa, Wanyakyusa wamepata ndizi, kahawa na chai katika udongo wa namna hiyo. Meru, juu ya mji wa Arusha, ulitoa moto mara ya mwisho mwaka 1910.

Pori nalo hubadilishwa na majivu. Wanyama wa Serengeti ni mfano ulio wazi. Upepo wa mashariki ulichukua majivu ya milima ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai ukayamwaga juu ya uwanda. Majivu hayo yana chokaa na chumvi. Mvua iliyashusha chini kidogo, yakashikamana yakawa tabaka gumu kama sakafu. Miti haiwezi kupitisha mizizi yake katika sakafu hiyo, kwa hiyo uwanda hauna miti. Majani mafupi yanaota juu yake, nayo yana madini mengi. Nyumbu huja huko kuzaa katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa kuwa majani hayo huwapa mama maziwa na ndama mifupa. Hivyo pori lile mashuhuri, kwa sehemu kubwa, limetengenezwa na milima ya moto.

Lakini zawadi hiyo ina bei. Ol Doinyo Lengai uliwaka mwaka 1917, 1940, 1966 na 1983, tena kwa nguvu mwaka 2007, ambapo majivu yalianguka juu ya malisho na wafugaji wa karibu wakahama kwa muda. Majivu mapya hufunika majani, husaga meno ya ng'ombe, na huweza kuwa na floraidi ambayo huwadhuru. Katika vijiji kadhaa vya kandokando ya Meru maji yenyewe yana floraidi nyingi, na watoto hukua na meno ya rangi ya kahawia. Mashariki ya Kongo, mlima Nyiragongo ulimwaga lava katika mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, ikateketeza sehemu ya katikati ya mji, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilitoka tena ikafika ukingoni mwa mji.

Hata pasipo na msiba, udongo wa volkano una tabia zake. Aina nyingi za udongo huo hushika fosfeti kwa nguvu, hata mimea isiipate kwa urahisi. Nao uko katika miteremko mikali, ambako mvua ya siku moja huweza kuteremsha udongo uliojengwa kwa karne nyingi. Mchagga hutia samadi katika kihamba chake, hulisha ng'ombe zizini, huchimba mifereji, na huacha miti ya kivuli. Mlima ulimpa mwanzo mzuri. Kuendelea ni kazi yake mwenyewe. Jambo hili tulishike, kwa maana ndilo tutakalolirudia.

5. Nchi yetu ya itale

Sasa tutazame nyumbani. Unyamwezi umekaa juu ya mawe ya itale, yaani graniti, ambayo ni miongoni mwa mawe ya kale kabisa ya Afrika; umri wake wapita miaka milioni 2,500. Majabali makubwa tunayoyaona yamepangana juu ya vilima ni mifupa ya mwamba huo. Itale lilipoa polepole chini ya nchi, nalo lina punje nyingi za kwazi, jiwe jeupe linalong'aa. Itale likioza, kwazi haiozi: hubaki mchanga. Ndiyo maana udongo wetu mwingi ni wa kichanga. Chokaa na potasi kidogo vilivyokuwamo vimesafishwa na mvua kwa muda ambao akili haiwezi kuupima.

Hata hivyo udongo wetu si wa namna moja. Wasukuma na majirani zao wameupa majina kwa muda mrefu, na majina hayo ni elimu. Karibu na majabali ni luseni, mchanga mnene usioshika maji. Chini yake huja isanga, mchanga wenye kina. Mahali pengine pana kikungu, udongo mwekundu mzuri. Tukishuka twakuta itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini, ambamo mpunga hukubali. Ibushi una vipande vya chokaa. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika Usambara, alieleza kwamba udongo wa namna hii hufuatana kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo, na maelezo yake yalikubaliwa na wataalamu wa dunia. Wakulima walikwisha ujua mfuatano huo kwa majembe yao.

Basi msitu wa miyombo huwezaje kusimama juu ya mchanga maskini? Kwa sababu hautupi kitu. Mizizi huenda chini ikavuta chakula kidogo kilichopo. Majani huanguka, huoza, na chakula hurudi juu. Mchwa nao hufanya kazi. Huchukua udongo wa chini, wenye ulaini na chokaa zaidi, wakaupandisha juu na kujenga kichuguu. Huku kwetu kichuguu ndicho mlima unaoleta udongo mpya kutoka chini, ingawa hauna moto. Mkulima mwangalifu ameona kwamba mahindi yaliyo karibu na kichuguu cha zamani hustawi kuliko mengine.

Mkulima akifyeka msitu na kuchoma miti, chakula cha miaka 30 hugeuka majivu kwa siku moja. Hiyo ndiyo siri ya mavuno mema ya mwaka wa kwanza. Ni akiba iliyotolewa yote kwa mara moja. Mvua huichukua, mahindi huichukua, na hakuna mlima wa kuleta nyingine.

6. Njia ya misafara na fundisho lake

Tabora ilikuwa mahali pa makutano. Wafanyabiashara wa Kiarabu walijenga kwao Kazeh kati ya miaka ya 1850, na Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi Juni 1857, walifika tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi mpaka Uvinza, penye visima vya maji ya chumvi, na mpaka Ujiji. Nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba pembe na nguo. Maelfu ya watu walipita kila mwaka, na wote walikula. Chakula chao kilitoka wapi? Kilitoka katika mchanga huu huu.

Unyanyembe ulilimwa mtama, mahindi, viazi na kunde. Mpunga ulipandwa mabondeni. Miembe ilipandwa kando ya njia, na mingine ingali inatoa kivuli hadi leo. Mambo mawili yaliwezesha hayo. Watu walichagua kila zao mahali pake, na walilima kwa matuta, wakafukia majani ndani yake. Palipokosekana amani, chakula kilikosekana pia: Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, njia ya Ujiji ilifungwa, hata Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini. Jina la Mirambo na mji wake limebaki katika Urambo.

Urambo huo huo uliona fundisho la pili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta na vyuma vizito vililetwa kung'oa msitu. Waliosimamia hawakungoja kuujua udongo wala mvua. Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikutosha. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulivunjwa baada ya kupoteza fedha kama pauni milioni 36. Urambo iliendelea kwa tumbaku, zao linalopenda mchanga. Fundisho lake ni hili: udongo hauamrishwi. Mwenye jembe la mkono anayeujua udongo wake hushinda mwenye trekta asiyeujua.

7. Kazi za mkulima katika nchi ya itale

Kwa kuwa hapana mlima wa kutulisha, kila chakula kinachotoka shambani kwa gunia hapana budi kirudishwe kwa njia nyingine. Kazi zifuatazo zimejaribiwa na zinafaa.

(a) Lima kwa matuta, tena kwa kukinga mteremko. Wakati wa kulima pasua tuta la mwaka jana, weka magugu, mabua na majani katika mfereji wa kati, kisha vuta udongo juu yake. Tuta jipya hukaa juu ya chakula kinachooza. Katika mifereji mirefu weka vizuizi vidogo vya udongo, ili maji yazame mahali yalipoanguka. Itogolo hutuamisha maji, kwa hiyo huko acha njia ya maji kutoka, au panda mpunga.

(b) Usichome mabua. Moto wa shambani huondoa sehemu kubwa ya naitrojeni ikapanda na moshi. Majivu yanayobaki ni mepesi, na mvua ya kwanza huyachukua. Moto wa porini wa mwezi wa Septemba na Oktoba ni mbaya zaidi: huua miche ya miti, huwafukuza nyuki, na huacha nchi uchi mbele ya mvua za Novemba.

(c) Tia samadi. Tani 5 hadi 10 kwa hekta ni kipimo kizuri, yaani mikokoteni 10 hadi 20 yenye nusu tani kila mmoja. Mwenye samadi kidogo asiitawanye ikapotea. Aitie katika mashimo ya kupandia, kiganja kimoja au viwili kwa shimo, na aichanganye na udongo kabla ya kuweka mbegu. Zizi liwekewe majani makavu chini, ili mkojo wa ng'ombe usipotee, kwa maana ndani yake mna naitrojeni nyingi.

(d) Tunza majivu ya jikoni. Yana potasi na chokaa, navyo hupunguza ukali wa udongo wenye asidi. Yahifadhi pakavu, yanyunyize kwa kiasi kidogo migombani, katika bustani ya mboga na katika karanga. Lakini usiyachanganye na samadi mbichi. Ukifanya hivyo utasikia harufu kali puani, na harufu hiyo ni naitrojeni inayokimbia.

(e) Tumia udongo wa vichuguu vilivyokufa. Uvunje wakati wa kiangazi na uutawanye katika mchanga wa karibu. Kazi ni nzito, ila hufanywa mara moja kwa miaka mingi. Kichuguu chenye mchwa hai kiache.

(f) Badilisha mazao. Baada ya tumbaku panda mahindi, kisha karanga, kunde au choroko. Mizizi ya kunde na jamaa zake ina vinundu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Usipande nyanya wala bilinganya baada ya tumbaku, kwa sababu minyoo ya mizizi huwapata wote. Ukivuna karanga, usiyatupe majani yake: lisha mifugo au yafukie.

(g) Panda kuni zako. Tumbaku ya mvuke hula miti mingi, na kila mzigo wa kuni unaotoka msituni ni akiba ya udongo inayoondoka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, karibu na mji wa Tabora, kimejaribu njia njema. Miche ya Acacia crassicarpa, mti wa asili ya Australia na Guinea Mpya, hupandwa pamoja na mahindi. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo mkulima huvuna mahindi kati ya miche. Kisha huiacha ikue. Ikifika mwaka wa tano hivi huikata, akapata kuni za bani, na mahindi yanayofuata hupata faida ya majani yaliyooza. Hivyo shamba hupumzika likiwa linafanya kazi.

(h) Acha ngitili. Desturi ya Wasukuma na majirani zao ya kuzungushia malisho na kuyaacha mpaka kiangazi ilirudishwa Shinyanga kwa juhudi tangu mwaka 1986, na nchi iliyokuwa tupu ikaota miti tena, ikawapa watu majani, kuni na dawa. Mwenye ng'ombe asipofanya hivyo, ng'ombe wake wataula udongo.

Mbolea ya dukani nayo inafaa, lakini katika mchanga usio na majani yaliyooza mvua huiosha upesi. Mwenye samadi hufaidi mbolea ya dukani kuliko asiye nayo. Kabla ya kununua, chukua udongo wa sehemu mbalimbali za shamba, uuchanganye, na umpelekee Bwana Shamba wako ili upimwe.

8. Maneno ya mwisho

Vilima vya Igwisi vitunzwe. Miteremko yake isilimwe, miti yake isikatwe, na mawe yake yasibebwe kwa kuuzwa. Walimu wawapeleke watoto wakavione, kwa kuwa huko mtoto wa Kaliua ataona kwa macho yake jambo ambalo wengine hulisoma vitabuni: namna nchi inavyojengwa kutoka chini.

Akiisha kuona, aelezwe pia habari ya shamba la baba yake. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima; na mwenye kungoja udongo wa milimani atangoja sana. Tukilinganisha nchi mbili hizi twaona kwamba mkulima wa mlimani alirithi akiba kubwa na anailinda kwa samadi na miti, na mkulima wa itale alirithi akiba ndogo iliyowekwa na msitu. Huyu wa pili ana haja kubwa zaidi ya ulinzi huo. Mwaka huu, kabla ya mvua za Novemba, achague ekari moja tu. Katika ekari hiyo asichome kitu, afukie mabua yote, atie samadi aliyo nayo, na kando yake apande safu za miti ya kuni. Ekari nyingine azilime kama alivyozoea. Baada ya misimu mitatu apime mavuno ya ekari ile kwa debe, ayalinganishe na ya ekari jirani, kisha aamue mwenyewe kama shoka lirudi msituni au libaki nyumbani.